Mbeya: Kwa nini kuta za shule zetu zina T. rex wakati tuna dinosaria wetu hapa hapa Songwe?

Brashi ya Soweto (mleta mada)

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni mchoraji hapa jijini Mbeya. Nachora mabango ya maduka, saluni, na zaidi ya yote kuta za shule za chekechea. Sasa mwenye shule moja ya huku Iyunga kanipa ukuta mrefu unaotazama uwanja wa kuchezea, na maelekezo yake yalikuwa mafupi: weka dinosaria, watoto wanawapenda. Akanirushia na picha ya mfano kwenye simu. Ni T. rex yule yule wa kila mahali, kasimama wima, mdomo wazi, mkia unaburuza chini.

Nikakaa nikajiuliza. T. rex hakuwahi kukanyaga Afrika. Mifupa yake inachimbwa Marekani na Kanada, na aliishi kati ya miaka milioni 68 na 66 iliyopita, mwishoni kabisa mwa zama za dinosaria. Na sisi hapa jirani tuna wa kwetu. Mwaka 2014 alitangazwa Rukwatitan. 2017 akatangazwa Shingopana songwensis, mla majani mwenye shingo ndefu. 2019 akaja Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyefukuliwa kwenye mto Mtuka, na ukisikia jina hilo la pili ujue mfupa mmoja wa mkia wake una umbo la moyo. Wote watatu wametoka kwenye miamba ya bonde la Rukwa. Walipokuwa wanachimbwa, Songwe ilikuwa bado ni sehemu ya mkoa wa Mbeya, maana tumegawanywa 2016.

Hayo majina yapo kwenye majarida ya sayansi ya dunia nzima, lakini mtoto wa Iyunga hajawahi kuyasikia. Wa Marekani anamtaja bila kukosea.

Nataka nimshawishi mwenye shule nimchore Shingopana. Naombeni msaada kwa mambo mawili. Nimpe hoja gani? Na huyu mnyama nimchoreje: ngozi, rangi, miguu, nyuma yake kuwe na nini? Nawaza nimweke na Mlima Loleza kwa mbali ili watoto wajue ni wa kwao.

Banda Umiza Mstaafu

Mkuu mada nzuri, lakini mwelewe na mwenye shule. Kizazi chetu dinosaria tulikutana nao kwenye banda la video, sinema ikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake, na kilichotushika ni hofu. Mtoto anataka meno. Ukimletea mla majani aliyetulia, atapita mbele ya ukuta kama anavyopita mbele ya ng'ombe.

Ila nina hoja moja ya kukupa. Jurassic Park ilipotoka 1993, dinosaria wa kwanza kuonekana mzima mzima pale hakuwa T. rex. Alikuwa Brachiosaurus, mla majani mwenye shingo ndefu anayesimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani ya juu. Watu walitoka machozi kwa ajili ya mla majani. Kwa hiyo inawezekana, ila ukubwa uonekane. Usimchore mzima akaenea ukutani. Mwache shingo ipande hadi kwenye bati.

Mwamba wa Galula

Banda Umiza umegusa penyewe, na ngoja niongezee kitu ambacho wengi hawakijui. Kwa muda mrefu umbo la Brachiosaurus lililokaa vichwani mwa watu, kwenye michoro, midoli na sinema, limetokana kwa kiasi kikubwa na mifupa ya Tendaguru, Lindi. Yule wa Marekani alipatikana vipande vichache tu. Wa kwetu ndiye aliyekuwa na mifupa mingi, likiwemo fuvu, kwa hiyo wachoraji wakawa wanamtazama yeye. Siku hizi wanasayansi wamemtenga, wanamwita Giraffatitan. Dunia nzima imekuwa ikimwangalia mnyama wa Lindi bila kujua ni wa Lindi.

Sasa mchoraji, mimi nilisoma jiolojia na miamba ya Galula, walikotoka hao watatu, nimeitembea. Nikupe ninayoyajua.

Shingopana hakupatikana mzima. Kilichopo ni sehemu ya shingo, mbavu, mfupa wa mkono na kipande cha nyonga. Mifupa mingine ina matundu ya wadudu walioitoboa mnyama akiwa ameshakufa. Fuvu kamili hakuna. Maana yake kichwa utakiazima kwa ndugu zake, na hilo si kosa, kila mchoraji wa dinosaria duniani anafanya hivyo. Ndugu hao wanaitwa titanosaria. Vichwa vyao vilikuwa vidogo ukilinganisha na mwili. Malawisaurus wa ng'ambo hapo Karonga ana vipande vya fuvu, vinaonyesha uso mfupi. Mchunguze yeye.

Miguu ya mbele: USICHORE KUCHA. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu karibu kila mchoro wa mtaani unakosea hapa, mchoraji anaweka kucha za tembo kwenye miguu yote minne. Titanosaria wengi walipoteza mifupa ya vidole vya mbele kabisa. Mguu wa mbele unashuka kama nguzo na kuishia hapo. Kucha ni za nyuma tu.

Mkia usiguse chini. Nyayo za dinosaria zimepatikana sehemu nyingi duniani, na alama za mkia unaoburuzwa ni nadra sana. Hata huyo T. rex aliyetumwa kwako kwenye simu kapitwa na wakati. Makumbusho ya New York yalimsimamisha wima hivyo mwaka 1915, na miaka ya 1990 yakamshusha, mgongo ukalala na mkia ukanyooka nyuma kubeba uzito wa kichwa. Picha za zamani ndizo zimebaki kwenye mabegi ya shule.

Ngozi: huko Argentina yalipatikana mayai ya titanosaria yenye vitoto ndani, na ngozi yao ilikuwa na magamba madogo yaliyopangana bila kulaliana. Manyoya usiweke, hayo ni ya jamii nyingine, wale walao nyama wadogo waliopatikana China kuanzia 1996. Rangi ya Shingopana iko mikononi mwako. Ila kwa mnyama mkubwa hivyo mimi ningekaa kwenye rangi za udongo, na udongo wa Galula ni mwekundu. Utapendeza.

Majani: usimwage nyasi uwanja mzima. Nyasi zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza duniani. Weka mikangaga, miti ya jamii ya misonobari, na mimea ya maua michache. Na Loleza mkuu, hapana. Bonde la Ufa unaloliona leo halikuwepo. Rungwe ni volkano changa mno, haina hata nusu ya umri wa wanyama hawa. Sehemu hii ilikuwa ni mabonde ya mito, maji yanahama huku na huko. Rukwatitan alizikwa na mto, mto ukamfukua, ukamzika tena, na jina lake la pili la Kilatini limetokana na hilo.

Mama Wawili Forest

Asante sana mtaalamu, nimesoma mpaka mwisho na mwanangu wa miaka sita pembeni. Ana midoli ya dinosaria niliyomnunulia Mwanjelwa, na mmoja ana mabamba mgongoni kwa mbele, kisha miiba mirefu kuanzia kiunoni hadi mkiani, na mwiba mwingine ubavuni. Chini ya tumbo hakuna jina. Ni nani huyo?

Mwamba wa Galula

Dada, huyo kwa maelezo yako ni Kentrosaurus. Ni wa Tendaguru, na hajapatikana nchi nyingine yoyote. Mwambie mtoto kiwanda ni cha China lakini mnyama ni Mtanzania, wa Lindi.

Mama Wawili Forest

Nimemwambia. Amemtoa kwenye boksi pamoja na wenzake, kamweka peke yake juu ya kabati. Anauliza mifupa yake iko wapi twende Jumamosi.

Gangilonga

Kamweneee wana Nyanda za Juu.

Mama Wawili, jibu la swali la mtoto ni Berlin. Na hapo ndipo mimi naumia.

Tendaguru ilijulikana kwa Wajerumani 1906, wakati vita vya Maji Maji havijaisha na watu wa kusini wanakufa kwa njaa. Kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ukachimba. Wasimamizi walikuwa Janensch na Hennig, lakini waliochimba na kubeba ni watu wetu, mamia kwa mamia, mizigo kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi kwa siku kadhaa za mguu. Zaidi ya tani 200 zikaondoka. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei, kwa Wamwera na kwa Mohammadi Keranje aliyegundua mifupa hiyo.

Giraffatitan alisimamishwa pale Berlin 1937. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa duniani inayomzidi kimo. Watoto wa Ujerumani wanapelekwa kumwona na walimu wao. Wa Lindi hawajamwona. Wa Iringa hawajamwona.

Kwangu mimi kabla ya kuchora, tudai. Mtu asiniambie haiwezekani. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilidaiwa kwenye Mkataba wa Versailles 1919, likarudi Kalenga 1954, likapokelewa na Chifu Adam Sapi. Miaka 35. Leo wanafunzi wanaingia pale Kalenga wanaliona kwa macho yao. Rais wa Ujerumani mwenyewe alifika Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa ya Maji Maji. Mlango uko wazi.

Mwamba wa Galula

Kaka yangu Gangilonga, uchungu wako ni wangu. Lakini "kabla ya kuchora" nakataa. Mtoto wa Iyunga ana miaka mitano sasa hivi, hatasubiri miaka 35.

Na kuna tofauti kubwa kati ya Tendaguru na Songwe inayopaswa kujulikana. Shingopana, Rukwatitan na Mnyamawamtuka hawakuondoka kama wa Lindi. Walichimbwa kwa vibali vya nchi yetu, kwa ushirikiano na wataalamu wa hapa, na wamesajiliwa Idara ya Mambo ya Kale. Rukwatitan alikuwa ndani ya genge gumu, na katika misimu miwili ya uchimbaji waliletwa hadi wachimba makaa ya mawe kusaidia kuutoa mwamba. Kwa hao watatu hakuna wa kumdai Ulaya. Wa kudaiwa ni sisi wenyewe. Wapi Mbeya au Vwawa mtu anaweza kuingia akaona hata nakala ya pingili moja ya shingo yao?

Kimondo cha Mbozi kimejengewa kituo, watu wanakwenda, wanapiga picha na ule mzigo wa chuma wa tani kumi na kitu. Iringa wana Boma, wana Isimila na shoka zake za mawe. Kwa nini dinosaria wa Songwe wasiwe na chumba kimoja?

Kasumulu Border

Nawasoma wakubwa. Mimi biashara yangu ni Kyela na Karonga. Pale Karonga mjini kuna makumbusho yamefunguliwa tangu 2004, na ukiingia tu unakutana na Malawisaurus kasimama, mifupa mizima ya nakala. Jengo la kawaida kabisa, siyo la kutisha. Mji wenyewe mdogo kuliko Tukuyu machoni pangu. Watoto wa shule wanajaa pale. Nje ya mji madereva wanakwambia "umeshamwona mnyama wetu?" Wanasema WETU, na wanajivuna.

Kumbe nakala inatosha kuanzia.

Gangilonga

Nakala ni plasta, Kasumulu. Nataka mtoto aone mfupa.

Mwamba wa Galula

Gangilonga, hata huyo wa Berlin si mfupa mtupu. Kaungwa kutokana na wanyama zaidi ya mmoja, na pingili za shingo na mgongo unazoziona pale juu ni za kuigiza, maana za kweli ni nzito na dhaifu mno kuning'inizwa. Watoto wa Berlin wanatazama nakala vilevile, na za kweli zimehifadhiwa kwa watafiti. Makumbusho ya London nayo yalipokea Diplodocus wake, dinosaria mwingine wa shingo ndefu, 1905, zawadi ya tajiri Carnegie, na ni plasta kuanzia pua hadi ncha ya mkia. Waingereza wamempenda zaidi ya miaka mia na hakuna aliyeona aibu. Nakala ikifanywa vizuri inabeba kila kona ya mfupa.

Nasema haya bila kufuta dai lako. Dai liendelee, na chumba kianze.

Gangilonga

Hapo sawa. Nilikuwa sijui la shingo. Basi dai langu liwe na sehemu mbili: mfupa urudi Lindi, na nakala zao wazitoe bure kwa kila mkoa unaotaka.

Binti Ludewa

Jamani msitusahau huku Njombe! Kila mtu anaongelea Lindi na Songwe. Manda na bonde la Ruhuhu kuna wazee kuliko hao wote. Asilisaurus kongwe alitangazwa 2010, ukubwa wake kama mbwa, aliishi kama miaka milioni 245 iliyopita, na ni ndugu wa karibu wa dinosaria kabla ya wengi wao kuwepo. Na Nyasasaurus, ambaye huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana duniani. Mifupa yake iliokotwa miaka ya 1930 na Parrington wa Cambridge, ikakaa kwenye makabati ya makumbusho hadi ikapewa jina rasmi miaka zaidi ya 70 baadaye. Sehemu yake iko London.

Wanangu huku wakisikia Manda wanawaza dagaa wa Nyasa na barabara mbovu. Nataka wawaze na hili. Mchoraji, ukimaliza Iyunga njoo Ludewa. Asilisaurus ni mdogo, unaweza kumchora kwa ukubwa wake halisi na mtoto akasimama naye bega kwa bega. Hiyo T. rex haiwezi.

Brashi ya Soweto

Wakuu mmenipa zaidi ya nilichoomba, ndaga fijo. Binti Ludewa, wazo la ukubwa halisi limeniingia kabisa.

Mwamba, kucha za mbele nimeshazifuta kwenye mchoro wa karatasi. Nyasi nazo zimetoka. Ila Loleza bado inanivuta, nitakwambia kwa nini. Mtoto wa chekechea hajui miaka milioni. Anajua mlima ule ndio wa kwao. Nikimwondolea mlima, Shingopana anakuwa wa popote.

Mwalimu Uyole

Naomba nichangie hapo kwenye Loleza, kwa kuwa nafundisha na kuta za namna hii nimeishi nazo.

Mwaka 1854 pale Crystal Palace, London, msanii Hawkins alisimamisha sanamu za dinosaria, za kwanza duniani kwa ukubwa halisi. Jina lenyewe la dinosaria lilikuwa na miaka 12 tu tangu Richard Owen alitunge. Iguanodon wake akawekewa pembe puani. Baadaye ikagundulika ule mfupa haukuwa pembe, ni kidole gumba. Sanamu zile zipo mpaka leo, na walimu wanazitumia kufundisha jinsi maarifa yanavyosahihishwa. Kwa hiyo sanaa ikikosea kwa kufuata kilichojulikana wakati wake, ina heshima yake.

Lakini wewe umeshajua, Brashi. Umeshaambiwa mlima haukuwepo kwa sura hiyo. Ukiuchora nyuma ya mnyama, mimi mwalimu nitakuja kufundisha mbele ya huo ukuta na nitalazimika kuanza kwa kukanusha.

Gawa ukuta. Upande mmoja Mbeya ya leo: Loleza, reli ya TAZARA, akina mama na ndizi zao. Kisha chora ardhi kwa ubavu, tabaka juu ya tabaka, na mifupa ya shingo imelala kwenye tabaka jekundu. Upande wa pili ndipo mnyama mzima na mito yake. Mtoto akitembea kando ya ukuta anatoka leo anaingia zamani. Hapo mlima unabaki na kweli inabaki.

Mwamba wa Galula

Shikamoo Mwalimu. Sina la kuongeza.

Banda Umiza Mstaafu

Na meno je? Bado nawatetea watoto.

Mwamba wa Galula

Meno yapo. Miamba hiyo hiyo ya Galula ilimtoa Pakasuchus, alitangazwa 2010. Ni mamba wa nchi kavu, mdogo wa ukubwa wa paka, mwenye miguu mirefu na meno ya kutafuna yanayofanana na ya mamalia, kitu ambacho mamba wa leo hana. Jina lake la pili, kapilimai, ni la heshima kwa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mweke kona ya chini, usawa wa macho ya mtoto, mdomo wazi. Mweke mbali kidogo na Shingopana, maana miamba ile ilichukua muda mrefu kujengeka na sitaki kuwakutanisha kwa nguvu.

Brashi ya Soweto

Mwenye shule nimeongea naye leo, nimemsomea maoni yenu kwa sauti. Kilichomgeuza ni jina Shingopana songwensis, na la Karonga. Aliuliza mara mbili, "Wamalawi wanaye?" Ukuta amekubali kama alivyougawa Mwalimu. Anataka na majina yaandikwe makubwa chini ya kila mnyama ili wazazi wakija kuchukua watoto nao wasome. Sasa anauliza kama darasa la awali linaweza kupelekwa Karonga mwisho wa muhula.

Kasumulu Border

Linaweza, shule za Kyela zimewahi kuvuka. Wasio na pasipoti, wakubwa kwa watoto, waanze mapema Uhamiaji kuulizia hati ya dharura ya safari. Kila mtoto awe na barua ya ridhaa ya mzazi na nakala ya cheti cha kuzaliwa, na shule iandike barua moja kwa makumbusho wajue idadi. Gari lenu likaguliwe vibali vyake vya kuvuka kabla, wengi wanakwama hapo, la sivyo mshuke Kasumulu mchukue magari ya upande wa pili. Ondokeni Mbeya alfajiri. Mkishapanga siku niandikieni kwenye ujumbe wa faragha, mimi navuka kila wiki, nitawapokea mpakani.

Mama Wawili Forest

Wangu si wa shule hiyo ila nalipa nauli yake. Niwekeeni nafasi mbili, na Kentrosaurus anakuja naye.